Lango Lisilo na Ukuta

Wifi yangu ni mwoga. Majirani hawathubutu kulisema hilo. Wao humwita Mama Lango na kumpisha njiani. Lakini mimi nimeolewa na mdogo wake, nimekaa naye nyumba moja, nimegombana naye kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu ya nani kaacha mlango wazi kuku wakaingia jikoni. Haki ya kusema ninayo. Anaogopa maji. Upepo ukigeuka anaacha mwiko ndani ya sufuria. Mvua ikigonga bati anainuka, anakwenda dirishani, anarudi, anakaa, anainuka tena, mpaka unatamani kumfunga kamba kwenye kiti. Na mtu huyo ndiye aliyemaliza ujana wake juu ya ukuta wa bahari, akilinda lango la maji.

Lango lenyewe ni bamba la chuma, pana kama mlango wa gereji, limechomekwa kwenye ukuta uliojengwa kuzuia bahari. Juu yake kuna gurudumu. Ukilizungusha huku, bamba linashuka; ukilizungusha kule, linapanda. Bahari ikijaa unafunga, maji ya chumvi yasiingie mtaani. Ikipwa unafungua, maji ya mvua na ya mitaro ya mji yapate kutoka. Kazi ni hiyo tu, lakini haina sikukuu. Baba yao aliifanya mpaka mgongo ukakataa, kisha akamwachia binti yake. Mume wangu anapenda kusimulia kwamba yeye ndiye aliyeikataa. Muongo mkubwa. Alijaribiwa, akasinzia, maji yakaingia karakana ya seremala, mbao zikaelea, na mzee akamwambia, "Wewe nenda kacheze na vitu visivyoua watu." Ndipo akawa fundi baiskeli.

Binti alifundishwa neno moja, nami nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu: "Ukiwa na shaka, funga. Maswali baadaye." Aliishi kwa neno hilo. Hata sufuria za mboga alizifunika kwa mifuniko miwili miwili.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, mluzi mdomoni kutwa nzima. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kumtania. "Mke wangu," alikuwa akisema, "wewe hata chai ukinywa unaangalia kwanza kama kikombe kimefungwa." Waliishi mtaa wa chini, nyumba ya kwanza kutoka ukutani. Siku ya dhoruba ile ya kwanza alikuwa na homa. Wifi alirudi kutoka langoni mchana, amelowa chapachapa, akamfunika shuka, akamwambia, "Jilaze tu. Lango nimelifunga." Halafu akapanda mjini kumtafutia dawa.

Ukuta ulipasuka yeye akiwa kwenye foleni ya duka la dawa. Haukupasuka langoni. Ulipasuka pembeni yake, penye ufa wa siku nyingi ambao kila bosi mpya aliupaka saruji juu juu na kuusahau. Bahari iliingia mtaa wa chini na kukaa humo siku mbili. Siku ya tatu, upepo ulipotulia, wifi alikwenda kulifungua lango kama kawaida yake, na maji yakatoka. Walimkuta shemeji yetu juu ya kabati la nguo, amekunja magoti, mkononi ana mkasi wake wa kazi. Alikuwa ameupiga kwenye bati la paa mpaka ncha zikapinda. Mkasi huo niliuona kwa macho yangu. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Watu wote walimwambia wifi kwamba kilichomuua mumewe ni ukuta. Hakusikia. Alihamia kwetu na mabegi mawili na cherehani, akawa anakaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake akirudia maneno yale yale: "Sikukaza. Mzunguko mmoja ulibaki. Najua, mkono wangu unajua, mzunguko mmoja ulibaki." Mama mkwe wangu amepooza upande mmoja, mdomo wake umekwenda kushoto, lakini akili yake ni nzima kuliko ya mume wangu. Alikuwa akimshika binti yake kwa ule mkono mmoja unaofanya kazi na kumwambia, "Nyamaza, mwanangu. Nyamaza kwanza."

Sasa sikiliza vituko. Ukuta umebomoka upande mmoja, pengo ambalo lori lingepita na lingine likalipungia mkono. Lango limebaki limesimama ukingoni mwa pengo hilo, na gurudumu lake. Na wifi akawa bado anakwenda. Bahari ikijaa anafunga, ikipwa anafungua, na maji yanapita hapo kando yake, yanamtazama. Watoto wakawa wanamcheka. Mimi nilimtolea uvivu.

"Wifi, unafunga mlango. Nyumba iko wapi?"

"Wewe wifi," akanijibu, "maneno yako yangekuwa saruji, ukuta ule usingebomoka."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Yeye hakucheka.

Mwaka mmoja baadaye tukaitwa mkutanoni, darasani shuleni, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto. Alikuja mtaalamu wa mikoko, dada mmoja mrefu mwenye buti za mpira zilizomzidi mguu. Akasema ukuta haujengwi tena. Watu wakaguna. Akasema mtaa wa chini zamani haukuwa mtaa, ulikuwa kinamasi cha mikoko. Wakubwa wetu waliikata, wakaweka ukuta, wakajaza udongo, wakajenga. Basi na kinamasi kirudi. Mikoko ikisimama tena, mawimbi yatapita katikati ya mizizi yake na kuchoka kabla ya kufika mitaa ya juu, kwetu.

Seremala akainua mkono. "Mama, ukuta wa mawe umeshindwa. Hivi vijiti vyako ndivyo vitaweza?"

Darasa zima likaangua kicheko. Yule dada naye akacheka, kisha akachora ubaoni. Kifusi cha ukuta uliovunjika, akasema, kimelala kwenye pengo kama kizingiti. Maji makubwa yanaruka juu yake na kuingia. Yakishaingia hayawezi kurudi kwa njia hiyo, kizingiti kinayazuia. Na mvua ya mji wote inateremka humo humo. Njia ya kutokea ni moja tu, lango, kwa sababu mfereji wake ndio ulio chini kabisa. Kwa hiyo lango likae wazi. Siku zote.

"Na upepo ukija?" wifi akauliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema mbele za watu.

"Hata upepo ukija."

"Na bamvua?" Bamvua ni yale maji makubwa ya mwezi mpevu, yanayojaa kuliko yote.

"Bamvua ndiyo hasa, mama yangu. Siku hiyo usiliguse."

Nilikuwa nimekaa naye dawati moja. Nikatazama chini. Mikono yake ilikuwa mapajani, inazungusha gurudumu ambalo halipo, polepole, upande wa kufunga.

Hata hivyo kazi alikubali. Walimpa kitalu cha miche, na kusema ukweli, Mungu ananiona, hakuna aliyemfikia. Mbegu za mikoko ni ndefu kama kalamu. Yeye alichukua zile tu zilizodondoka zenyewe, akazikagua moja moja kama zimetobolewa na kaa, akazichomeka kwenye vifuko vya udongo na kuzinyeshea maji ya bahari taratibu, kama anayezizoesha uchungu wa dunia. Kabla ya kupanda, ilibidi sakafu za nyumba za mtaa wa chini zivunjwe, maana mzizi haupiti kwenye saruji. Sakafu ya chumba chake mwenyewe aliivunja mwenyewe. Nilimkuta anapiga nyundo pale lilipokuwa kabati. Nilitaka kumwambia aache, nikachukua nyundo nyingine.

Miche ikafika magotini, ikafika kiunoni. Samaki wadogo wakaja, ndege weupe wakaja, harufu ya matope mabichi ikaingia mpaka vyumbani mwetu. Na lango likakaa wazi. Miezi mingi alivumilia. Bahari ikijaa anakaa chini, anajikumbatia, anatetemeka kama mtu mwenye malaria, mpaka ipwe. Mimi nikawa nampelekea chai na kumsimanga kidogo, kwa sababu bila masimango angefikiri namhurumia.

Kosa lilikuwa kwenye gurudumu. Mtaalamu alimwambia mume wangu alifungue, aliondoe kabisa, lisiwe kishawishi. Mume wangu akasema kesho. Nati zina kutu, akasema, anahitaji spana kubwa. Kesho ya mume wangu ina mvi na wajukuu. Na dada yake akawa anachukua grisi karakanani kwa mdogo wake na kulipaka lile gurudumu. Nikimuuliza anasema, "Ni kazi ya mikono ya baba. Lisile kutu." Sote tukaona ni kumbukumbu tu ya mzazi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, tunalisema kila siku, na hatukujiuliza akishashtuka atafanya nini.

Siku yenyewe redio ilianza kutangaza toka asubuhi: bamvua, upepo mkali, mvua kubwa. Mtaalamu alipita nyumba kwa nyumba na buti zake. Kwetu akasema maji yatakuja uani, pengine yataramba ngazi, kisha yatarudi. Tukanyanyua magunia. Mume wangu alitaka kumhamisha mama yake, lakini mama ni mzito, na barabara ya mbele tayari ilikuwa mto, mtaro umefurika, mifuniko imebebwa, hujui mguu wako unakanyaga wapi.

"Niacheni," mama mkwe akasema kwa ule mdomo wake wa pembeni. "Niliishi na baba yenu na hasira zake. Maji yataniweza?"

Tulicheka kumfurahisha.

Bahari ilijaa mchana. Tuliisikia kabla ya kuiona, mngurumo unaotoka chini ya sakafu. Maji yakaruka kifusi, yakaingia kwenye mikoko, na naapa, niliona kwa macho yangu mawimbi yakivunjika humo ndani. Yaliingia marefu yakatoka mafupi. Yakafika uani yakiwa yanatembea tu, hayakimbii. Nikamwambia mume wangu, "Ona, yule dada alisema kweli!" Nilitaka na wifi aone. Nikamwita. Hakuitika. Nikadhani yuko kwa jirani.

Alasiri redio ikasema maji yameanza kupwa. Nikatoka uani nikatazama mbali, ng'ambo ya ukuta. Kweli, bahari ilikuwa inashuka. Mawe meusi ya chini ya ukuta yalikuwa yameanza kuonekana. Nikashusha pumzi. Kisha nikatazama ngazi yetu.

Haikuwapo. Maji yalikuwa kwenye kizingiti cha mlango.

Nikasimama pale na ndoo mkononi kama mjinga. Bahari inashuka na maji yetu yanapanda. Mvua ya mji wote ilikuwa inamiminika kutoka juu, na maji ya bahari yaliyoingia hayajaondoka hata kidogo. Hayakuwa na mawimbi, hayakuwa na kelele. Yalipanda tu, tope jeusi, kimya, yakaingia ndani, yakaanza kunyanyua viatu vyetu kimoja kimoja. Kelele ningeizoea, kimya kile kilinitia hofu ambayo sijawahi kuijua.

"Mume wangu!" nikapiga kelele. "Mnyanyue mama! Mama mnyanyue!"

Tukaweka meza juu ya kitanda, tukampandisha mama mkwe juu ya meza. Kichwa chake kikawa karibu na bati. Mume wangu akasimama kitandani akimshikilia asianguke, maji yanaanza kuramba godoro. Mama hakulalamika. Alitazama lile bati juu yake, akalishika kwa mkono wake mmoja, na sote watatu tukafikiria kitu kimoja, ule mkasi.

Ndipo wifi akaingia kwa mlango wa uani. Maji yanamtiririka kichwani, viganja vimechubuka, na usoni ametulia. Toka mumewe afe sijawahi kumwona ametulia vile. Alitabasamu.

"Tulieni," akasema. "Lango nimelifunga."

Jamani. Ndoo ilinidondoka.

"Umelifunga lini?"

"Kabla haijafika bamvua. Upepo ulipogeuka. Safari hii nimelikaza mpaka mwisho, wifi. Halikubaki hata nusu."

"Wifi, tazama miguu yako!"

Akatazama. Nadhani ndiyo kwanza aliona kwamba amesimama kwenye maji ndani ya nyumba. Tabasamu likabaki usoni, limesahauliwa.

"Umefunga mlango na mwizi yumo ndani!" nikamfokea. "Maji yatatokea wapi? Yatatokea wapi, wewe mwanamke?"

"Ukiwa na shaka..." akaanza.

"Shaka gani! Mama yako yuko juu ya meza!"

Mume wangu, ambaye hajawahi kumpandishia dada yake sauti toka azaliwe, alisema taratibu, "Dada, mama hawezi kuogelea. Nenda kafungue."

Yeye hakutikisika. Nikamshika mkono nikamvuta. Kutoka uani kwetu kuna tuta jembamba linalokwenda mpaka kwenye kipande cha ukuta kilichobaki. Mtu mwenye miguu yake anapita. Mtu wa kubebwa hapiti. Nilichukua kamba ya nguo, ile ile tuliyogombania, nikajifunga kiunoni na ncha nyingine nikamfunga yeye. Tukaenda roho mkononi. Upepo ulitaka kutuvua nguo. Ukuta umeota ukijani, unateleza kama sabuni. Kulia kwangu bahari iko chini, inarudi zake, imemaliza kazi. Kushoto kwangu maji yako karibu na vidole vyangu, na vichwa vya mikoko vimechomoza juu yake, vinapepea, na nyuma yake nyumba yetu imezama mpaka dirishani. Niliona mkono wa mume wangu umetoka dirishani ukipunga shuka jeupe. Sikujua anatuita au anatuharakisha. Nililia kwa sauti na sikuona aibu.

Tulipofika langoni nikashika gurudumu. Halikwenda. Nikalivuta kwa uzito wangu wote, halikwenda.

"Wifi, shika!"

Alikuwa amesimama, mikono kifuani. "Nikifungua bahari itaingia," akasema.

"Bahari iko chini. Itazame."

"Itaingia. Upepo huu, itaingia."

"Tazama, basi! Tazama mwenyewe!"

Akatazama. Aliona mawe meusi, aliona mfereji umebaki na maji ya kifundo cha mguu upande wa bahari, aliona maji yaliyojaa upande wetu. Mfanya kazi ile toka usichana, alijua zaidi ya mtu yeyote kile anachokiona. Na mikono haikutoka kifuani. Alikuwa akitetemeka mpaka kamba iliyotuunganisha ikawa inanitetemesha na mimi. Mzoea kunyonga kuchinja hawezi. Mikono ile haikuwahi hata mara moja kufungua lango upepo ukivuma.

Nilitaka kumzaba kofi. Nilinyanyua mkono kabisa. Halafu nikaona lile shuka jeupe halipo tena dirishani, na nguvu za kugombana zikaniisha palepale.

"Wifi," nikasema, "na mimi naogopa. Naogopa kuliko wewe. Mimi sijui hata kuzungusha hili dude. Nisaidie."

Sijui ni neno gani lililofika. Labda ni kwa kuwa sikuwahi kumwomba kitu. Alishusha mikono, akaiweka kwenye gurudumu karibu na yangu, akafumba macho. Akasema, "Usivute. Sukuma. Mguu wako uweke hapa." Tukasukuma. Chuma kikalia. Tukasukuma tena, nikasikia kitu kimekatika begani mwangu, na gurudumu likasogea kiasi cha kidole, kisha kiganja, kisha likaanza kwenda, na chini yetu maji yakapata njia.

Sijawahi kusikia mlio kama ule. Ukuta wote ulitetemeka. Maji meusi yalitoka chini ya bamba yakirusha mbao, sufuria, miche, viatu, na sisi tukalala kifudifudi juu ya ukuta tumekumbatia gurudumu na kukumbatiana, kila mmoja akimshika mwenzake asiende na maji. Yeye hakufumbua macho. Aliendelea kuuliza, "Yanaingia au yanatoka? Wifi, yanaingia au yanatoka?" Nami nikaendelea kumjibu, "Yanatoka. Yanatoka. Yanatoka."

Tuliporudi mama mkwe alikuwa bado juu ya meza. Mume wangu naye amepanda, amembeba kifuani kama mtoto, mikono yote miwili haina nafasi, ndiyo maana shuka lilitoweka. Kwenye ukuta wa chumba maji yalikuwa yameacha mstari wa tope, chini kidogo tu ya usawa wa meza.

"Mmechelewa," mama mkwe akatuambia. "Huyu mwanangu amenibana mpaka nimesahau kufa."

Mume wangu alicheka akilia. Wifi alikwenda kwenye ule mstari, akaugusa kwa kidole. Kisha akanyanyua macho, akatazama bati.

Kesho yake tulikuwa uani tunasuuza nguo za tope. Mume wangu alikuwa ameondoka na spana kubwa bila kuambiwa na mtu. Kutoka mbali tulimsikia akiligonga gurudumu. Miche mingi ilikuwa imesimama, imelala upande, lakini imesimama. Mtaalamu alipita akatupungia mkono kutoka kwenye matope, buti moja imembakia humo. Wifi alikuwa anakamua shuka. Akaacha.

"Wifi."

"Sema."

"Siku ile. Maji yalikaa siku mbili mtaa wa chini."

Niliendelea kusuuza. Nilijua swali linakuja. Toka alipolitazama lile bati nilijua, na usiku kucha sikulala nikilitafutia jibu.

"Nilikuwa nadhani sikukaza," akasema. "Miaka yote hii. Kumbe nilikaza. Wifi, yeye alikuwa juu ya kabati, anasubiri maji yapungue. Yangepungua kama ningeacha wazi?"

"Ukuta ndio uliomuua," nikasema.

Akanitazama. "Umeniambia mboga yangu ina chumvi mbele ya wageni. Umeniambia mimi mwoga, umeniambia nguo yangu ya msibani hainikai. Hujawahi kunidanganya hata siku moja. Usianze leo."

Mimi, mwenye ulimi ambao mume wangu anasema ungekata nyama, nilishika ncha ya pili ya shuka, tukalikamua pamoja, yeye huku mimi huku, mpaka likakauka, na tukaendelea kulizungusha.

Bamvua nyingine imekuja wiki hii. Upepo ulianza asubuhi, mvua ikafuata. Langoni hakuna tena cha kuzungusha. Gurudumu liko karakanani limefunikwa gunia. Bahari ilipoanza kunguruma wifi alikwenda kukaa kitandani kwa mama yake, akamvutia shuka mpaka kidevuni. Nilikuwa mlangoni na chai. Nilimsikia akisema, "Jilaze tu, mama. Lango liko wazi."

Meno ya wifi yalikuwa yanagongana. Nikaingia, nikakaa upande wa pili wa kitanda, nikamshikia kikombe, maana mikono yake isingeweza.